Silabi za Adela

Rovu la Adela lilianza shingoni kama punje ya njegere, na kwa miaka sita alilifunika kwa mtandio. Alikuwa fundi cherehani mwenye duka dogo pale Chanji, Sumbawanga, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, kwa hiyo hakukosa jinsi ya kujishonea nguo za kola ndefu. Lakini mwaka ule rovu likafikia ukubwa wa parachichi. Akawa hawezi kulala chali, na ugali anaumeza kwa kusukumia na maji, tonge moja moja. Akapewa rufaa ya Mbeya. Daktari wa huko alimpima akamwambia bila kuzunguka kwamba lazima litolewe, na kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita jirani nalo kabisa.

"Tutakuwa waangalifu," daktari alisema. "Lakini nimesikia wewe ni mwimbaji, ndiyo maana nakueleza mapema. Sauti inaweza kurudi vilevile, na inaweza isirudi."

Mwimbaji ni neno dogo. Tangu ana miaka kumi na saba, Adela ndiye aliyeimba solo katika kwaya ya parokia yao, na kwaya hiyo ilijulikana kuanzia Msanzi alikozaliwa mpaka Matai kwa sababu yake. Aliporudi kutoka Mbeya na tarehe ya upasuaji, mtu wa kwanza kumweleza alikuwa mdogo wake, Oswaldi.

Oswaldi alikuwa na studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, trei za mayai zimegongelewa ukutani na blanketi zito mlangoni kuzuia kelele. Alirekodi kwaya, nyimbo za harusi na matangazo ya magari ya spika. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, akasema, "Usiende Mbeya kabla sijakurekodi."

"Wimbo gani?"

"Siyo wimbo, dada. Nikurekodi wewe mzima."

Akamwonyesha. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na programu wanayoiita sampla. Siku moja alikuwa ameigonga sahani ya bati kwa kijiko, akarekodi mlio ule mmoja, akaupa sampla. Sasa alibonyeza vitufe vya kinanda, na sahani ikaimba: chini, juu, haraka, polepole, tuni nzima ya wimbo wa ubatizo. Adela alicheka.

"Haitungi kitu yenyewe," Oswaldi alimweleza. "Inashika ulichoipa, ukibonyeza inakurudishia. Nikiipa silabi zote kwa sauti yako, nitaweza kuzipanga ziwe neno lolote. Hata ukiamka huko Mbeya huna sauti, sauti yako itakuwa hapa."

Walirekodi siku nne. Ilikuwa Juni, na baridi ya Sumbawanga mwezi huo inaingia mpaka kwenye mifupa, hivyo Adela aliimba akiwa amejifunika blanketi miguuni. Ba, be, bi, bo, bu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kila silabi kwa sauti ya chini, ya kati na ya juu. Mara fupi, mara ndefu. Bodaboda ikipita wanarudia. Jogoo wa jirani akiwika wanarudia. Walipofika kwenye nya, nye, nyi, Adela alishikwa na kicheko hadi wakasimama kunywa chai. Siku ya nne alimaliza zu ya mwisho, akavua vile vifaa vya masikioni.

"Hakuna hata neno moja zima?" aliuliza.

"Maneno nitayapanga mimi," Oswaldi alisema, macho yakiwa kwenye kompyuta.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Adela aliamka anapumua kwa wepesi ambao alikuwa ameusahau, na wiki ya pili alikula ugali bila maji. Ila sauti haikurudi. Kilichotoka kilikuwa kikavu na kinakwaruza, kama gunia linaloburutwa sakafuni. Wakamwambia asubiri miezi sita. Akasubiri mwaka mzima. Alishona, alikwenda misa, alikaa benchi la nne na kufuata nyimbo kwa midomo. Hakulalamika sana. Alikuwa na rafiki zake, alipiga nao soga kwa sauti yake hiyo ya gunia, na watu wa mtaani walianza kuizoea.

Kwaya ndiyo haikuzoea. Mwalimu wao, Mathias, mzee mpole aliyestaafu kufundisha sekondari, aliona waimbaji wanapungua mmoja mmoja. Ilipokaribia sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, alikwenda studio kwa Oswaldi kuuliza kama kuna kanda yoyote ya zamani. Oswaldi akamkalisha, akamchezea kitu ambacho alikuwa akikitengeneza kwa miezi. Ulikuwa ubeti mmoja wa wimbo mpya wa Mathias mwenyewe, wimbo ambao Adela hakuwahi kuusikia, achilia mbali kuuimba. Na sauti ilikuwa ya Adela.

Mathias alivua miwani, akaomba irudiwe. Jioni hiyohiyo walimwita Adela.

Aliposikia, kwanza alifurahi. Alijisikia kama aliyekutana barabarani na gauni lake la ujanani, limempendeza mwingine. Kisha Mathias akamweleza ombi lake.

"Usimame mbele kama zamani," alisema. "Kipaza sauti chako kitakuwa kimezimwa, wewe fungua tu mdomo. Watu wakiona kompyuta inaimba peke yake kanisani watanung'unika, na hawatausikia wimbo. Jumapili moja tu, Adela. Kwa ajili ya sikukuu."

Adela alimtazama mdogo wake. Oswaldi alikuwa anatabasamu kama siku aliyofaulu darasa la saba. Adela akasema sawa, Mwalimu.

Siku ya sikukuu alivaa sare aliyoishona mwenyewe, akasimama mstari wa mbele. Oswaldi alikuwa pembeni nyuma ya kinanda. Sauti ilitoka kwenye spika kubwa, safi, imejaa, na Adela akaifuata kwa midomo. Akina mama wa mabenchi ya mbele walifuta machozi kwa kanga. Baada ya misa walimzunguka uwanjani, wakimshika mikono, wakimwambia Mungu ni mwema, umepona. Adela alifungua mdomo kuwajibu, na Mathias, aliyekuwa ubavuni mwake, akawahi.

"Daktari amemkataza kuongea akishaimba," alisema. "Mwacheni apumzishe koo."

Wakamwacha apumzishe koo. Na padri, aliyehamia parokiani mwaka huo na hakujua habari za nyuma, Jumapili iliyofuata alimtaja katika mahubiri kama ushuhuda wa uponyaji. Mathias alikwenda nyumbani kwa Adela jioni, amekunja kofia yake mikononi.

"Tuwaache kwanza," alisema. "Tukisema sasa, tutamwaibisha padri na kwaya nzima. Kidogo kidogo tutatafuta njia."

Njia haikupatikana. Kwaya ilialikwa kwenye harusi, kwenye misa ya kutoa daraja la upadri, kwenye jubilei ya masista. Wakarekodi video kwenye ukingo wa bonde, Adela katikati na mikono imenyooshwa, na video ikaingia kwenye simu za watu. Kila mahali Adela alisimama na kufungua mdomo. Na kwa kuwa mtu mwenye sauti ile hawezi kuongea kwa sauti ya gunia, ilibidi aache kuongea.

Hilo ndilo lililomfunga. Dukani aliweka daftari mezani, wateja wakawa wanaandikiana naye vipimo na siku ya kuchukua nguo. Sokoni alinyoosha kidole. Rafiki zake wa mtaani waliowahi kuisikia sauti yake baada ya upasuaji walidhani nao kwamba imepona, wakaja kumsikia. Alijifanya anaumwa, mpaka wakachoka kuja. Kwa mama yao Msanzi alikwenda mara moja tu, akaongea siku mbili mfululizo kwa Kifipa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, hadi mama yake akamuuliza kwa nini anaongea kama mtu anayetoka jela. Kitubio kwa padri nacho aliacha. Angeanzia wapi?

Asubuhi, kabla ya kufungua duka, alikuwa akijisemea maneno mawili matatu ili ajue bado yapo. Siku nyingine hata hayo hakuyasema.

Katika kwaya kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na mbili aitwaye Asnath, mwenye sauti nzuri ya juu, aliyekuwa anangoja zamu yake tangu Adela alipokwenda Mbeya. Mathias alimwambia asubiri, bila kumweleza sababu: sauti iliyoko kwenye kompyuta haipatwi na mafua wala haichelewi mazoezi. Asnath hakujua habari ya kompyuta. Wanakwaya waliojua walikuwa watu watano tu. Siku moja baada ya mazoezi alimfuata Adela mlangoni.

"Shikamoo, dada. Naomba unisaidie kitu kimoja. Kwenye ule mstari mrefu wa ubeti wa tatu, unapumua wapi? Nimejaribu nyumbani wiki nzima, pumzi inakata. Juzi niliona kizunguzungu nikakaa chini."

Adela alijua hakuna anayepumua katika mstari ule. Oswaldi alizipanga silabi zikafuatana bila nafasi, na sampla haina mapafu. Alitoa daftari mkobani, akaandika: Mazoezi. Asnath akashukuru kwa adabu akaondoka. Adela alitembea mpaka nyumbani na lile neno limemkaa kifuani.

Alimwendea Oswaldi kesho yake, akamwomba aweke nafasi za kupumua. Oswaldi akaziweka, hata pumzi zenyewe akazitoa kwenye zile rekodi za Juni, Adela akivuta hewa kabla ya kila silabi. Wimbo ukawa wa kweli zaidi. Adela alitoka pale amejua kwamba amesaidia kuongeza kufuli lingine juu ya lile la kwanza.

Februari, mchana wa mvua, mwanamke mmoja aliingia dukani kwake amelowa mabega, kitambaa kimezungushwa shingoni. Alijitambulisha kuwa ni Rozina, mkulima kutoka Matai, amekuja na basi la asubuhi. Alifungua kitambaa. Rovu lake lilikuwa kubwa kuliko la Adela lilivyokuwa.

"Nimepewa tarehe ya Mbeya mara mbili, na mara mbili nimekimbia," Rozina alisema. "Mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo kigangoni, kanisa dogo la kijijini kwetu. Nikaiona video yako, nikaambiwa ulipasuliwa rovu ukapona. Mume wangu akasema, nenda kwa huyo dada akueleze kwa mdomo wake, ndipo utaamini. Basi nimekuja unieleze."

Adela aliandika kwenye daftari: Nenda. Usiogope.

Rozina alisoma polepole, akalirudisha daftari mezani. "Kusoma nimesoma barua nyingi za hospitali," alisema. "Nimetoka mbali, dada. Niambie kwa sauti."

Mvua iligonga mabati. Adela alifikiri kuwa akinyamaza, mwanamke huyu atakwenda kwa kuamini jambo la uongo, na siku akiamka huko na sauti ya gunia atajua alidanganywa na nani. Akifungua mdomo, huenda akakimbia mara ya tatu, na rovu lile litamziba. Alisimama, akafunga mlango wa duka.

"Hii ndiyo sauti yangu," alisema.

Rozina hakusogea. Alimwangalia kooni, kisha usoni.

"Ile ya kwenye video?"

"Nilirekodiwa kabla ya upasuaji. Mdogo wangu anaipanga kwenye kompyuta. Mimi nafungua mdomo tu."

Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, lakini yakishaanza hayakutaka kukoma. Alimweleza kila kitu, hadi daftari, hadi kitubio. Rozina alisikiliza, maji ya mvua yakimdondoka kwenye pindo la kanga.

"Unalala chali?" aliuliza mwishowe.

"Nalala."

"Chakula kinapita?"

"Kinapita. Kupumua ndiyo kabisa. Nilikuwa nimesahau hewa ilivyo."

Rozina alikizungusha tena kitambaa chake shingoni. "Mimi sijalala chali mwaka wa pili sasa," alisema. "Nitakwenda. Sauti ikipotea, ikibaki, nitajua mbele ya safari. Ila wewe, dada, unakaaje hivi?"

Adela alikwenda kumfungulia mlango. Rozina alipoondoka kuwahi basi, yeye hakufungua tena duka siku hiyo.

Alikwenda studio. Oswaldi alikuwa na kijana wa bendi ndani. Akamtoa, wakabaki wawili.

"Naomba tuache," Adela alisema. "Jumapili hii nitawaambia watu."

Oswaldi alivua vifaa vya masikioni taratibu. "Dada, nusu ya kazi zangu zinakuja kwa sababu ya sauti hiyo. Watu wanakuja hadi kutoka Kasanga kutaka ile sauti ya kike. Na siyo kazi tu. Ulipokuwa Mbeya nilikaa hapa nikiisikiliza kila siku, nikidhani hutarudi. Nikiizima leo, nabaki na nini chako?"

"Unabaki na mimi."

"Wewe huimbi tena."

Alilisema kwa upole, wala hakukusudia kuumiza, na labda ndiyo maana liliumiza sana. Adela alikaa kwenye kiti alichokalia ile Juni.

"Oswaldi, tangu Agosti sijauliza bei ya nyanya kwa mdomo wangu," alisema. "Naishi kwa kujificha ili hicho kilichomo humo ndani kipate kuimba. Hukukusudia, najua. Lakini ndivyo ilivyo."

Oswaldi alivaa tena vifaa vya masikioni. Jumapili hakufika kanisani.

Wakati wa matangazo, Mathias akiwa ameshika karatasi yake, Adela alitoka mstarini akamwomba kipaza sauti. Mzee alielewa. Alikishikilia kidogo, kisha akakiachia.

"Tumsifu Yesu Kristo," Adela alisema, na kanisa zima likasikia lile gunia likiburutwa. Wachache tu waliitikia. Aliwaeleza kwa sentensi sita au saba: kwamba upasuaji ulimwokoa maisha lakini ulimchukulia sauti, kwamba wimbo wanaousikia hutoka kwenye kompyuta, kwamba alikubali mwenyewe kusimama mbele na asilaumiwe mtu mwingine peke yake. Akaomba msamaha. Akarudisha kipaza sauti na, badala ya kurudi kwenye kwaya, akaenda kukaa benchi la nne.

Hakukuwa na makofi. Padri alitoa baraka haraka. Nje uwanjani watu walisimama makundi makundi, na makundi yalinyamaza alipopita. Mama mmoja aliyewahi kulia kwenye sikukuu alimwambia ana kwa ana kwamba Adela amemchezea akili mbele ya altare. Adela alisema ndiyo, mama, ni kweli, nisamehe.

Kwaya ilisimamishwa hadi baada ya Pasaka. Ilipoanza tena, Mathias alikuwa amejiuzulu, na Asnath akaanza kuimba solo. Mara ya kwanza aliukata ule mstari mrefu katikati, akavuta hewa mpaka ikasikika, akaendelea. Wengi walisema siyo kama ya Adela. Adela hakurudishwa kwenye kwaya wala hakuomba. Dukani alilichana lile daftari akawashia jiko. Baadhi ya wateja walihama. Wengine walirudi, wakawa wanampigia soga huku akishona, na yeye anawajibu. Hilo aliona linatosha kwa wakati ule.

Oswaldi alikuja mwezi wa tano, amebeba kompyuta kwapani. Aliiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akamwonyesha faili zote, silabi kwa silabi, akazifuta mbele yake. Ilichukua dakika moja. Kisha akabaki amesimama.

"Kuna jambo sijakwambia," alisema. "Mwaka jana niliwapa nakala maprodyuza wawili wa muziki wa Mbeya. Walinipa programu zao, tukabadilishana. Nao sijui wamempa nani."

"Waambie wafute."

"Nimewaambia. Mmoja amefuta. Mwingine hapokei simu."

Adela aliendelea kukata kitambaa. Baada ya muda alimuuliza kama amekula.

Juni alikwenda Matai kumwona Rozina, aliyekuwa ametoka hospitali. Alimkuta uani anapeta ulezi, shingo imebaki na kovu jembamba. Rozina alimkaribisha kwa sauti kubwa, safi, isiyo na mkwaruzo wowote. Sauti yake ilikuwa imebaki. Wote wawili walisita, kila mmoja akimwonea mwenzake haya. Kisha Adela alimkumbatia, na alikuwa na furaha ya kweli, ijapokuwa alipokwenda kunawa mikono alikaa huko kuliko ilivyohitajika. Walikula ugali wa ulezi kwa samaki wa ziwani, wakaongea hadi saa tisa.

Kituoni, akingoja basi la kurudi Sumbawanga, alisikia mtu anaimba kutoka kwenye duka la vifaa vya simu. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, wa ngoma za haraka, na mwimbaji alikuwa anamwambia mwanamume fulani arudi kitandani. Adela alisimama palepale. Ilikuwa sauti yake ya miaka miwili iliyopita, pumzi zikiwa mahali pake. Vijana wawili walikuwa wanacheza mbele ya spika.

Alimfuata mwenye duka. "Huyu anayeimba ni nani?"

Kijana alimtazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayemsikia mgonjwa. "Mdada mmoja wa Mbeya, mama. Mpya huyo. Anakuja vizuri."

Adela alitoa simu akampigia Oswaldi. Aliinyoosha kuelekea spika kwa muda, kisha akaiweka sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Oswaldi alisema. "Nitampigia tena yule jamaa."

"Hatapokea."

"Sasa nifanye nini, dada?"

Wimbo uliisha, ukaanza upya. Kondakta alikuwa anaita abiria wa Sumbawanga. Adela akamwambia mdogo wake kwamba hajui, watazungumza akifika, akazima simu akapanda. Dirisha la upande wake lilikuwa limekwama, halikufungika, wimbo ukawa unaingia, na basi lilikaa pale kituoni likingoja kujaa abiria.